Baiskeli Inayonikaa: Shajara ya Wiki 11

Wiki ya 1, Jumamosi

Leo nimeiuza baiskeli niliyokuwa nayo. Kabla sijasahau nataka kuandika sababu, maana kosa la kuinunua ndilo lililozaa mradi huu wa kutafuta baiskeli inayonikaa kwa pesa kidogo.

Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita 9. Kwenda na kurudi 18, siku 5 kwa wiki. Baiskeli ile niliinunua kwa macho: rangi inang'aa, chuma safi, bei ya kutupa. Fremu yake ilikuwa ya sentimita 58, na mimi kimo changu ni sentimita 168. Nilipomwambia muuzaji kwamba nikisimama nimeipanda, bomba la juu linanigusa hata nikiwa na viatu, alinijibu, "Utazoea tu, dada."

Sikuzoea. Ilipofika wiki ya 3 ya kuiendesha, kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kulia vilikuwa vinakufa ganzi kabla sijafika nusu ya njia. Kuna neva inayopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, na ukiulaza uzito wa kiwiliwili chote juu ya usukani, unaibana. Usukani ulikuwa mbali mno nami. Nikasogeza kiti mbele mpaka reli zake zikaisha. Ganzi ikapungua kidogo, goti likaanza kuuma upande wa mbele. Nikipunguza maumivu huku, yanaibuka kule.

Nimejifunza jambo moja, na ndilo nitakalolishika mradi mzima: fremu haipungui wala hairefuki. Kiti, nguzo ya kiti, usukani, shingo ya usukani (kipande kinachoushikilia kwenye fremu), pedeli na tairi, vyote hivyo vinabadilishwa kwa pesa ndogo, hata kimoja kimoja kila mwezi. Fremu ukishaikosea umeikosea. Kwa hiyo mwenye pesa kidogo ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi juu ya saizi, kwa sababu hana akiba ya kununua mara ya pili.

Wiki ya 1, Jumapili

Kabla ya kwenda kuangalia baiskeli yoyote, nimejipima mwenyewe.

Kipimo kinachobeba vingine vyote ni urefu wa mguu kwa ndani. Nimesimama pekupeku, mgongo na visigino ukutani, nyayo zimeachana kiasi cha sentimita 15. Katikati ya miguu nimeweka kitabu kigumu, uti wake ukiangalia juu, nikakivuta hadi kikanibana kama kiti cha baiskeli kinavyobana. Mdogo wangu akachora alama ukutani kwa penseli, usawa wa uti wa kitabu.

"Dada, umesimama kwa vidole," akaniambia. Kweli, nilikuwa nimeinua visigino bila kujijua. Tukarudia. Mara ya kwanza sentimita 78.6, mara ya pili 79.2, mara ya tatu 79. Nimechukua 79. Tofauti ya nusu sentimita inaweza kuonekana ndogo, lakini kitabu kisipobanwa vizuri unaweza kupoteza hata sentimita 2, na hizo goti litazidai.

Kutoka hapo hesabu zinajipanga. Kwa baiskeli ya barabarani yenye bomba la juu lililolala, fremu hukisiwa kwa kuzidisha mguu kwa 0.65 hadi 0.67. Kwangu inakuja sentimita 51 hadi 53. Urefu wa kiti, kutoka katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono inayoshika pedeli) hadi juu ya kiti, huanzwa kwa kuzidisha mguu kwa 0.883. Kanuni hiyo inajulikana kwa jina la Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Kwangu inatoa sentimita 69.8. Nimeiandika kama mahali pa kuanzia tu, maana mimi naendesha kwenda kazini nikiwa na viatu vya kawaida.

Jioni nikapima pia mifupa ya kukalia. Nimeweka kipande cha boksi lenye mawimbi ndani juu ya ngazi ngumu, nikakikalia dakika nzima huku nimeinama mbele kidogo na magoti yameinuka. Nilipoinuka, boksi lilikuwa na mabonde mawili madogo ya mviringo. Nikayapaka chaki ili yaonekane, nikapima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine: sentimita 13. Kiti kinatakiwa kizidi hapo kwa sentimita 2 au 3 ili mifupa ikae juu ya sehemu ngumu. Sasa naelewa kwa nini kile kiti kinene cha sponji kilikuwa kinaniumiza: nilikuwa nazama, na nyama laini ndiyo iliyokuwa inabeba uzito.

Wiki ya 2, Jumatano

Bajeti. Nimeigawa pesa yote mafungu 10. Mafungu 6 ni ya baiskeli yenyewe. Mawili ni ya vipuri, kwa sababu baiskeli ya mtumba isiyohitaji cheni, raba za breki au tairi ni nadra. Moja ni la kufuli na taa. La mwisho haliguswi mpaka niwe nimeendesha wiki mbili na kujua mwili unadai nini.

Fungu hilo la mwisho ndilo nililokosa mara ya kwanza. Nilimaliza pesa zote siku ya kununua, na shingo ya usukani iliyohitaji kubadilishwa ikabaki hivyo hivyo.

Wiki ya 3, Jumamosi

Baiskeli tatu leo, zote nimeziacha.

Ya kwanza ni mpya, ya bei ya chini, ina shokapu mbele na nyuma. Inavutia. Nimeinyanyua kwa mkono mmoja nikaishusha haraka. Shokapu za bei hiyo ni uzito na maungio ya kutunza, na kwa njia ya lami zinakula nguvu yako kila unapokanyaga. Tairi pana lenye upepo wa kiasi linafanya kazi ile ile bila kuharibika.

Ya pili ni ile wanayoiita ya kike, bomba la juu limeshuka chini. Watu wengi wameniambia, "Wewe chukua hiyo." Ni kweli kwamba kupanda na kushuka ni rahisi, na kama una mzigo nyuma au umevaa sketi inafaa sana. Kibandiko kilisema M, nikaamini imenitosha. Nilipokata kona ya kwanza goti likagonga usukani. Nimepima: kutoka kichwa cha fremu (bomba fupi la mbele, chini ya usukani) hadi nguzo ya kiti, kwa mlalo, ni sentimita 50 tu, na usukani wenyewe umejikunja kurudi kwa mwendeshaji. Hiyo ilikuwa fupi kama ile ya zamani ilivyokuwa ndefu.

Hapo nimeelewa kwamba kibandiko hakisemi kitu. Mtengenezaji mmoja anapima bomba la kiti hadi katikati ya bomba la juu, mwingine hadi mwisho wake, na bomba la juu likiwa limeinama namba inapoteza maana kabisa. Tangu leo natembea na futi na pimamaji ndogo. Naweka futi juu ya kichwa cha fremu, katikati, nainyoosha hadi nguzo ya kiti, na pimamaji inanionyesha kama imelala sawa. Urefu huo ndio unaoamua mikono itafika vipi.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma kuiacha. Chuma, fremu 52, urefu wa mlalo 53.5, rangi imechubuka lakini hakuna kutu ya kutisha. Kila kitu kilinikaa isipokuwa kiti kilichokuwa chini kwa sentimita 4. Nikalegeza bolti ili nikipandishe. Kiti hakikwenda. Nikashika ncha ya mbele na ya nyuma, nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Hakikucheza hata kidogo. Nguzo ilikuwa ya alumini ndani ya fremu ya chuma, na metali hizo mbili zikipata unyevu bila grisi huungana kama zimechomelewa. Muuzaji akasema fundi atakitoa kwa dakika 2. Inawezekana, lakini pia inawezekana fundi akahangaika siku nzima na mwisho akaikata nguzo kwa msumeno, au akaikunja fremu. Kiti kisichopanda ni baiskeli isiyo saizi yangu, hata kama fremu inanifaa. Nikamshukuru nikaondoka.

Wiki ya 4

Hakuna kilichopatikana. Nimeenda kwa miguu na kwa basi. Nimeona fremu moja ambayo rangi imevimba na kupasuka chini ya kichwa, pale bomba la chini linapoungana nacho, na uma unaoshika gurudumu la mbele umerudi nyuma kidogo. Iligongwa kwa mbele. Hata kwa bure nisingeichukua.

Wiki ya 5, Jumapili

Nadhani nimeipata.

Imejaa vumbi, tairi zote hazina upepo, na aliyekuwa nayo hakuiendesha kwa muda mrefu. Fremu ya chuma, 53. Urefu wa mlalo sentimita 54. Nikisimama nimeipanda kwa viatu, kuna nafasi ya vidole vitatu kati yangu na bomba. Gia 7 nyuma, moja mbele. Ina matundu ya kufungia keria na madigadi, jambo ambalo kwa mtu wa kwenda kazini si la kupuuza: bila matundu hayo mzigo utakaa mgongoni kila siku.

Nimeikagua nikiwa nimechuchumaa chini kwa nusu saa. Kiti: bolti imelegea, nguzo imezunguka na kupanda kama kisu kwenye siagi. Hapo nimepumua. Kichwa: nimebana breki ya mbele, nikaisukuma mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye maungio, hakuna mtikisiko. Krenki: nimeshika mikono yote miwili ya krenki nikaitikisa kushoto na kulia, kuna mchezo kidogo, maana yake gololi zinahitaji kukazwa au kubadilishwa. Magurudumu: la mbele linazunguka sawa, la nyuma linayumba kama milimita 3 likipita kwenye raba za breki. Spoki hazijakatika, kwa hiyo fundi atalinyoosha. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa 37-622. Namba hiyo ya pili, kipenyo kwa milimita pale tairi linapokaa kwenye rimu, ndiyo ya kuangalia. Kuna magurudumu ya 635 yanayofanana nayo kwa macho, lakini tairi la moja haliingii kwenye rimu ya jingine, na matangazo mengi huyaita yote "28".

Cheni nimeipima kwa rula. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, cheni mpya ina milimita 304.8, yaani inchi 12. Hii ilisoma karibu 308. Ikishavutika zaidi ya asilimia 1 namna hiyo, meno ya nyuma nayo huwa yamelika kuifuata. Ukiweka cheni mpya juu ya friwili ya zamani, yaani yale meno ya nyuma, itaruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Kwa hiyo ni cheni na friwili pamoja, si cheni peke yake.

Nimemwonyesha muuzaji kila kitu nilichokiona, rula ikiwa mkononi. Sikuisema vibaya baiskeli yake. Nilimtajia tu gharama ya cheni, friwili, tairi na kazi ya fundi, naye akapunguza. Kisha nikamwomba aandike karatasi ya mauzo yenye namba ya fremu, ile iliyogongwa chini ya ekseli ya krenki. Tulipaka mate kwenye kitambaa tukasugua matope hadi tarakimu zikatokea moja moja. Muuzaji asiyetaka kuandika namba hiyo, mimi sinunui kwake.

Kabla ya kulipa nimejaza tairi upepo na kuendesha dakika 20. Dakika 2 za mbele ya mlango hazikwambii kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mikono ilianza kuchoka kwenye dakika ya 15, kwa hiyo nimejua shingo ya usukani, yenye sentimita 11, italazimika kufupishwa. Hiyo inabadilika. Nimelipa.

Wiki ya 6

Kazi ya mikono. Cheni, friwili, raba za breki, waya za breki, tyubu mbili. Tairi la nyuma limepasuka ubavuni, nimelibadilisha. La mbele bado. Fundi amenyoosha gurudumu na kuweka gololi mpya kwenye krenki.

Pedeli ya kushoto ilinisumbua mpaka nikakumbuka: hesi zake ni za kinyume. Ya kulia inafunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa kama bolti yoyote, ya kushoto inafunguka kwa mwelekeo wa saa. Nimetumia spana namba 15 na kupaka grisi kabla ya kuzirudisha. Nguzo ya kiti nimeitoa yote, nikaifuta na kuipaka grisi pia. Sitaki ya kwangu iungane na fremu kama ile niliyoiacha.

Wiki ya 7, Jumamosi

Leo ni siku ya kuweka kiti, na imechukua asubuhi nzima.

Nimeanza na 69.8 ya hesabu. Nimeegemea ukuta, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu ulinyooka bila kujivuta. Ukihamisha unyayo ili sehemu pana ya mbele ikae kwenye pedeli, goti linabaki limekunjika kidogo, kati ya nyuzi 25 na 35. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini karatasi si barabara. Nimemwambia mdogo wangu atembee haraka nyuma yangu aangalie mkanda wa kiuno changu.

"Unayumba, dada. Kulia, kushoto, kulia."

Nyonga zikiyumba kiti kiko juu mno. Nimeshusha milimita 3. Bado. Nyingine 4. Akaniambia mkanda umetulia. Sasa ni 69.1. Nimezungusha utepe mwembamba wa umeme kwenye nguzo, pale inapoingia kwenye fremu, uwe alama. Nimehakikisha pia mstari wa mwisho uliochongwa kwenye nguzo umebaki ndani, maana nguzo ikitolewa kupita mstari huo inaweza kuivunja fremu.

Kwa kusogeza mbele na nyuma nimetumia timazi: uzi na nati nzito. Krenki zikiwa zimelala sawa, uzi ukishushwa kutoka mbele ya goti uanguke karibu na ekseli ya pedeli ya mbele. Si sheria ya mwili wa kila mtu, ila inakuzuia usitumie kiti kurekebisha umbali wa usukani, kosa nililolifanya kwenye baiskeli ya kwanza. Kiti kipangwe kwa ajili ya miguu. Mikono iko mbali? Badilisha shingo.

Wiki ya 8, Ijumaa

Siku 5 kazini kwa baiskeli. Jumatatu na Jumanne vizuri. Jumatano ganzi imerudi, vidole vile vile viwili, na kwa kweli nilihuzunika. Nilisimama kando ya njia nikikunja na kukunjua mkono.

Jioni nimeweka pimamaji juu ya kiti. Ncha ya mbele ilikuwa imeinama. Bolti haikuwa imekazwa vya kutosha, kiti kikateleza kidogo kidogo. Kiti kikiinama mbele, mwili unateremka siku nzima, na mikono ndiyo inayousukuma urudi. Nimekisawazisha, nikakaza. Alhamisi ganzi haikuja mpaka nilipokaribia mwisho wa njia, leo haikuja kabisa.

Wiki ya 9

Fungu la mwisho limetumika: shingo ya sentimita 8 badala ya 11, nayo nimeipandisha sentimita 2 bila kupita mstari wake wa usalama. Nimeipima kipenyo kwanza, kwa sababu shingo za kuingia ndani ya bomba na zile za kukumbatia bomba kwa nje haziingiliani, na hata sehemu inayoshika usukani ina vipenyo tofauti. Ya kwangu inaingia kwenye bomba kwa milimita 22.2 na inashika usukani wa milimita 25.4.

Kwenye baiskeli ya kwanza, urefu wa mlalo pamoja na shingo ulikuwa sentimita 68.5. Sasa ni 62. Viwiko vimekunjika, mabega yameshuka, na naweza kugeuza kichwa kuangalia gari la nyuma bila shingo kulalamika. Kwenye msongamano hilo ni usalama mtupu.

Wiki ya 11, Alhamisi

Jana nilipata pancha, nikaiacha kwa fundi wakati nipo kazini. Asubuhi hii, kabla ya kilomita ya 3, goti la kushoto likaanza kusema kwa mbele. Nikafikiri ni uchovu. Nikaendelea mpaka kwenye taa za barabarani, na niliposimama nikiwa bado nimekaa kwenye kiti nikagundua vidole vinakanyaga chini kwa urahisi, wakati siku zote nagusa kwa ncha zake tu.

Nimeshuka nikaangalia nguzo. Utepe wangu hauonekani, umezama ndani ya fremu. Fundi alikipandisha kiti ili aifunge baiskeli kwenye stendi yake, akakirudisha kwa kukadiria. Nimelegeza bolti pale pale kando ya barabara, nikavuta nguzo hadi utepe ukatokea ukingoni, nikanyoosha ncha ya kiti ielekee mbele sawasawa, nikakaza. Zilikuwa milimita 12.

Goti lilinyamaza kabla sijafika kazini. Jioni nimeandika 69.1 kwa wino usiofutika chini ya kiti, kando ya reli, nikaandika pia "tafadhali, fundi".